Utani wa Ghala la Nta

Naomi mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua bila kuandikiwa. Nakusikia hapo ndani unabishana na mama yako juu ya lile blanketi zito. Yeye anasema Dodoma kuna baridi ya upepo, wewe unasema sanduku halifungi. Kubali tu. Mimi sijapata kumshinda mama yako katika jambo la blanketi, na wewe hutamshinda jioni hii ya mwisho.

Ya kufua, ya kupika na ya kuchagua marafiki nimemwachia yeye. Amekwisha kukuambia na atakuambia tena kesho stesheni mpaka treni iondoke. Mimi nimetoka na kiti changu hapa uani kukiwa bado na mwanga, nikuandikie jambo moja tu ambalo nalijua vizuri kidogo, nalo ni watu wa kazini.

Uliposoma ile barua ya kuitwa kazi ulicheka kwa furaha, halafu ukaanza kuisoma tena taratibu. Nilikuona. Kushona unakujua, na hesabu za vitambaa unazijua. Lakini wamekuita ukasimamie chumba kizima cha washonaji, na karibu wote ni watu wazima kuliko wewe. Wako wanawake wenye watoto wa rika lako, na wako wale mafundi wawili wa kiume ambao walikuwa wanakanyaga cherehani kabla hujazaliwa. Jana ulimuuliza mama yako, ukidhani sisikii, "Nitamwamkiaje mtu shikamoo asubuhi, halafu saa hiyo hiyo nimwambie afumue alichoshona?"

Mwanangu, utamwamkia, na utamwambia afumue. Shikamoo haikupunguzii kitu. Mimi niliianza kazi ya kusimamia watu kwa kuiogopa shikamoo hiyo hiyo, nikadhani nikimwamkia mtu sana atanipanda kichwani. Basi nikawa naingia ofisini haraka haraka, macho kwenye makaratasi, nikiitupa salamu kama mtu anayetupa maji ya kunawia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba wazee wale walikuwa tayari kabisa kuamriwa na kijana. Kitu walichokataa ni kuamriwa na kijana asiye na salamu.

Lakini si hilo hasa nililotaka kukuandikia. Nataka kukuambia habari za Salumu na Mzee Ntandu. Wewe unamjua Mzee Ntandu kama babu yako wa hapa Itigi, anayekuletea asali ya nyuki wadogo. Salumu humkumbuki, maana aliondoka ungali unatambaa. Jinsi walivyokuwa kabla hujazaliwa hujawahi kusimuliwa, kwa kuwa si habari ambayo mtu huisimulia mbele ya mwenyewe.

Nilitoka kwetu Ulemo nikiwa kijana, nimesoma shule ya misheni, najua kuandika mwandiko mzuri na kuzungumza na Mzungu bila kutetemeka. Nikapata ukarani katika ghala la nta hapa Itigi. Tajiri mwenyewe alikaa Manyoni, akija mara moja moja kwa treni. Wafuga nyuki walitoka porini, wengine mbali kabisa huko Rungwa, wakileta nta na masega. Mbele kulikuwa na chumba kimoja cha ofisi chenye meza yangu, mizani, na benchi la wauzaji. Nyuma kulikuwa na banda la kuyeyushia nta, ambalo sisi tuliliita jikoni, na ndani yake sufuria kubwa la chuma ambalo mtu mzima angeweza kuogea. Nta iliyeyushwa humo, ikachujwa kwa magunia, ikamiminwa igande, kisha ikapakiwa kwenye mabehewa.

Msimamizi wa kwanza alipougua akarudi kwao, tajiri akaniweka mimi mahali pake. Nilikuwa ndio kwanza nimeoa. Mama yako alikuwa na mimba yako.

Salumu alikuwa mtu wa mizani. Mnyamwezi, amezaliwa katika kambi za reli, mwembamba, mwenye meno meupe, na ulimi ambao sijapata kuona mwingine. Aliweza kumwiga mtu yeyote. Alimwiga tajiri akipanda ngazi huku ameshika kiuno. Alimwiga Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akiuliza habari za barabara. Aliniiga mimi nikisafisha koo kabla ya kusema. Wafuga nyuki waliotembea siku nyingi porini walifika wamechoka na wana mashaka, lakini baada ya muda mfupi na Salumu walikuwa wanashika mbavu kwa kicheko. Wengine walilipita ghala jingine makusudi waje kwetu kwa ajili yake. Nami nilimshukuru Mungu kwa kunipa mtu kama huyo, na namshukuru mpaka leo, ingawa sasa ni kwa sababu nyingine.

Mzee Ntandu alikuwa mtu wa jikoni. Mnyaturu wa kule Ikungi, mkubwa kwangu kwa umri kama baba mdogo. Wewe umezoea kigugumizi chake tangu utotoni, hukisikii tena. Siku zile kilikuwa kikali zaidi. Na Salumu alikuwa anakiiga.

"Huyu ni mtani wangu," alikuwa akisema mgeni yeyote akishangaa. "Mnyaturu na Mnyamwezi ni watani. Hakasiriki huyu!"

Ni kweli kwamba makabila yale ni watani. Sote tulijua. Kwa hiyo hakuna aliyesema neno.

Mimi nilipokabidhiwa ofisi, niliyemwona kuwa ni mfanyakazi mgumu hakuwa Salumu. Alikuwa Mzee Ntandu. Mtu ukimwita haji. Ukimwuliza kuni zimebaki kiasi gani anaonyesha kwa mkono na kugeuka. Anaweka vyombo chini kwa kishindo mpaka unashtuka. Siku nyingine aliacha kuniletea habari za kazi kabisa, nikawa lazima niende jikoni mwenyewe kuangalia. Nikajiambia: huyu mzee ana kinyongo kwa sababu nimewekwa juu yake. Ana kiburi. Nisipomwonyesha sasa, kesho wote watakuwa kama yeye.

Nikamwita ofisini. Nikamsema pale pale, mbele ya Salumu na mbele ya wauzaji waliokaa kwenye benchi. Nikamwambia kazi ni heshima, na kwamba asiyetaka kuzungumza na mkubwa wake ana hiari ya kwenda kwao. Alisimama, kofia mkononi, akanitazama hadi nikamaliza. Kisha akavaa kofia akarudi jikoni.

Jioni nilimsimulia mama yako, nikiona nimefanya kazi ya kiume. Alikuwa anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Na yule mwenzake anayemwiga, yeye ulimsema lini?"

"Salumu? Salumu hana ubaya. Ule ni utani."

"Mume wangu, wewe unamgombeza anayelia. Anayefinya umemwacha amekaa."

Nikamwambia kwamba yeye kazi za ofisi hazijui. Akasema, "Haya," akaendelea na mchicha wake. Ukiolewa, Naomi, au hata usipoolewa, utajifunza jinsi "haya" ya mama yako inavyoweza kumkosesha mtu raha.

Hazikupita siku nyingi. Asubuhi moja ofisi ilikuwa imejaa, maana wafuga nyuki wa Rungwa walikuwa wamefika kwa kundi. Mzee Ntandu akatokea mlangoni. Hakuwa amekanyaga hapo tangu nilipomsema. Uso wake ulikuwa na jambo.

"Bwana karani," akasema. "Su-su-su..."

Salumu hakumwacha. "Su-sukari?" akauliza kutoka kwenye mizani. "Su-sururu? Su-subiri kidogo, mtani, tunakuletea su-supu!"

Benchi zima likaangua kicheko. Mtu mmoja alicheka mpaka akaangusha fimbo yake. Mimi niliinamisha uso kwenye makaratasi ili nisionekane nikitabasamu. Nilipouinua, mlango ulikuwa mtupu.

Alasiri ile sufuria lilipasuka.

Lilikuwa na ufa chini, na ufa ule ulikuwa umepanuka. Nta iliyoyeyuka ilimwagika motoni, na nta ikikutana na moto, mwanangu, haiulizi. Nilisikia mlio kama wa bati linalochanwa, kisha makelele. Tulipofika, banda lilikuwa linawaka hadi kwenye paa. Mzee Ntandu alikuwa amembeba begani Mama Zena, yule mwanamke aliyekuwa anaosha masega, anamtoa nje. Mkono wake mmoja, tangu kiganja mpaka kiwiko, ulikuwa umebabuka. Mama Zena alipona, hakupata kitu zaidi ya moshi kifuani. Banda liliteketea, pamoja na nta ya watu waliokuwa wametembea kutoka Rungwa.

Sasa unajua Mzee Ntandu alipolipata lile kovu. Ulipokuwa mdogo ulimwuliza, akakuambia alipigana na fisi.

Tajiri alikuja kesho yake kwa treni. Hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa amepoteza mali, na alitaka jina la mtu. Alitukusanya mbele ya majivu.

"Sufuria halipasuki siku moja," alisema. "Nani alijua?"

Salumu alikuwa anatazama viatu vyake. Nami nilijua kwamba kama nikinyamaza, mambo yatakwisha kwa urahisi kabisa. Mpishi wa nta ndiye mwenye sufuria. Kila mtu alikuwa anamjua kwa ukali wake. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemsema hadharani. Angeondoka, na hakuna ambaye angeshangaa.

Mzee Ntandu akapiga hatua moja mbele, mkono umefungwa kitambaa.

"Ni-ni-ni..." akaanza, na neno likakataa. Tajiri akafungua mdomo ili amsaidie. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikainua mkono wangu kumzuia tajiri, mwajiri wangu, kama mtu anayemzuia mtoto asivuke reli.

"Tafadhali," nikasema. "Mwache amalize."

Tukangoja. Hujui jinsi kungoja kunavyokuwa kurefu pale ambapo hujazoea. Treni ya mizigo ilikuwa inapiga pembe, kunguru wanaparua majivu, nasi tumesimama. Halafu akasema, taratibu, maneno yote yakafika:

"Nilijua mimi. Nilikwenda kusema. Si-sikusema."

Basi. Hakumtaja Salumu, hakunitaja mimi. Alichukua lote akaliweka begani mwake, kama alivyombeba Mama Zena.

Nikamwambia tajiri, "Alikuja ofisini kusema, akachekwa, akarudi. Ofisi ni yangu. Kama unatafuta mtu wa kumfukuza, anza na mimi."

Nilisema hivyo nikiwa na mke mjamzito na nyumba ya kupanga. Usidhani sikuogopa. Tajiri alinitazama, akamtazama Mzee Ntandu, akautazama ule mkono uliofungwa.

"Jengeni banda," akasema mwishoni. "Sufuria nitaleta. Hao watu wa Rungwa nitazungumza nao mimi. Lakini Samweli, nikisikia tena mtu amekuja kusema moto na nyinyi mkacheka, mtaondoka wote, hata paka."

Nashukuru mpaka kesho kwa maneno yale. Angeweza kunifukuza na angekuwa na haki.

Sasa ilibaki kazi niliyokuwa naikimbia. Mara hii sikumwita mtu mbele ya meza. Nilimwambia Salumu anisindikize nikatazame mabehewa, tukatembea kando ya reli mpaka mahali ambapo hapana masikio.

"Salumu," nikasema, "utani una pande mbili. Wewe umemtania Mzee Ntandu tangu ulipofika. Yeye amekutania lini?"

"Hajui kutania. Ndivyo alivyo."

"Au hajapata nafasi ya kumaliza sentensi?"

Akakasirika. Hilo sikulitegemea. Nilidhani angeona haya.

"Bwana karani, nani anawaleta hao watu wa Rungwa hapa? Wewe na mwandiko wako? Ghala la pili wameniita, unajua? Nikitoka leo, kesho nina mizani nyingine."

"Najua," nikamjibu. "Na ukitoka tutapata hasara. Nitasikitika pia, maana nakupenda. Lakini katika ofisi hii hakuna tena mtu atakayemmalizia mwenzake maneno. Hata mimi. Ukiweza hilo, baki."

Alisimama anapiga mawe ya reli kwa ncha ya kiatu. Kisha akasema kitu ambacho sijakisahau.

"Nimekulia kambini, Bwana Samweli. Baba alikufa nikiwa mdogo, na mtoto asiye na baba kambini hupigwa na kila mtu. Niligundua kwamba mtu anayecheka hapigi. Basi. Nikinyamaza, naona kama wanakuja."

Nilimwekea tu mkono begani, tukarudi.

Unajua, Naomi, kabla ya siku ile nilidhani ofisini kuna watu wazuri na watu wabaya, na kazi ya msimamizi ni kuwajua. Kumbe hapa kulikuwa na mtu anayepigisha vyombo kishindo kwa sababu vyombo havina kigugumizi, na mwingine anayechekesha watu ili wasimpige. Wote wawili walikuwa wakijilinda, na kila mmoja ngao yake ilikuwa inamwumiza mwenzake. Sikuambii kwamba ukijua hayo, watu wanakuwa wepesi. Hapana. Ila wewe mwenyewe unapunguza hasira, na msimamizi mwenye hasira kidogo anaona mbali zaidi.

Wala usidhani kwamba mambo yalinyooka kesho yake. Salumu alibaki, lakini alinuna. Alipima nta kwa uso kama wa mtu anayehesabu maiti. Wafuga nyuki wakawa wanauliza kama kuna msiba. Ofisi ikawa nzito, na mimi nilijilaumu usiku na mchana kwamba nimeua kicheko cha mahali pazima kwa ajili ya mtu mmoja. Mzee Ntandu naye hakuwa malaika kwa kuwa tu tumemwonea. Aliendelea kuwa mkali, akamfokea Mama Zena kwa jambo dogo, nikalazimika kumwambia. Nilimwambia jikoni, tukiwa wawili, nikianza na shikamoo. Alinikunjia uso, lakini alikwenda kumwomba radhi. Mtu aliyeonewa pia anaweza kukosea, na usiogope kumwambia.

Jambo moja tu lilibadilika upesi. Kila asubuhi nilianza kwenda jikoni, nakaa juu ya gogo, namwuliza Mzee Ntandu habari za kazi. Sikumwita tena kwangu. Mwanzoni alinijibu kwa kichwa. Baadaye kwa neno. Baadaye nikawa siwezi kuondoka, maana kumbe mzee yule anapenda hadithi, hasa zenye fisi.

Wewe ulikuwa umezaliwa, hata miezi mingi hujafikisha, ilipokuja habari kwamba mama yake Mzee Ntandu amefariki kule Ikungi. Nikampa ruhusa aende. Siku hiyo hiyo Salumu akaja mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akanitazama machoni.

"Nami naomba ruhusa," akasema. "Mama wa mtani wangu amekufa. Mtani asipokwenda, nani atazika?"

Naogopa nikikuambia nilivyowaza utaniona mtu mbaya. Niliwaza: anakwenda kumwaibisha mwenzake mbele ya ukoo mzima. Lakini utani wa msibani ni haki ya watu, si mali ya msimamizi wa ghala. Nikasema twende wote. Tukafunga ofisi, tukapata lori mpaka Manyoni, na jingine la Ikungi, tumekaa juu ya magunia, vumbi limetufanya wote kabila moja.

Tulipofika, Salumu hakungoja kukaribishwa. Alipita katikati ya waombolezaji moja kwa moja mpaka pale walipokuwa wanachimba, akatupa kofia yake ndani ya kaburi, akalala kifudifudi ukingoni.

"Huyu mama ni wangu!" akapiga kelele. "Halali hapa! Wanyaturu nyinyi mmemtesa kwa uji usio na chumvi maisha yake yote. Nampeleka Tabora akale vizuri. Au nipeni kuku, niwaachie!"

Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya machozi, kama ilivyo desturi. Wazee wakatikisa vichwa, wamefurahi kwamba mtani amefika. Kisha watu wakatulia, wakamgeukia mfiwa, kwa maana mtani akisema, lazima ajibiwe.

Mzee Ntandu alisimama upande wa pili wa kaburi. Midomo ikaanza kutafuta neno.

"M-m-m..."

Nilimtazama Salumu. Alikuwa bado amelala pale, kidevu kwenye udongo, uso umeinuliwa kumwelekea mwenzake. Alinyamaza. Hakutikisa hata kope. Alingoja kama vile hana kazi nyingine duniani.

"M-mpeni kuku," akasema Mzee Ntandu. "La-lakini mkateni mguu kwanza. Mnyamwezi akipewa kuku mzima a-a-atasema ameoa."

Kaburi lote lilitetemeka kwa kicheko. Wachimbaji waliegemea majembe. Shangazi mmoja mzee alikaa chini kabisa. Salumu alicheka mpaka akajiviringisha, vumbi tupu, halafu akaketi, akajifuta macho, akasema kwa sauti ya kawaida ambayo si ya kuiga mtu yeyote:

"Mtani, kumbe ulikuwa nayo siku zote hizi!"

"Hu-hukuuliza," akajibu Mzee Ntandu.

Salumu ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea marehemu. Ndiye aliyefukia, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Na usiku wa matanga walilala chini ya blanketi moja, maana mablanketi yalikuwa machache, nikawasikia wanatukanana kwa upole mpaka nikapitiwa na usingizi.

Kicheko kilirudi ghalani. Hakikuwa kile cha kwanza. Salumu aliendelea kumwiga tajiri na kuniiga mimi, lakini sasa alikuwa anajibiwa, na majibu mengine yalimwacha mdomo wazi mbele ya wateja wake mwenyewe. Wafuga nyuki wa Rungwa walianza kuuliza, "Yule mzee wa jikoni yupo leo?" Baadaye Salumu alioa huko kwao Tabora akahamia, na walipoagana hapo stesheni hakuna aliyeweza kufanya utani.

Wewe umekua ukimngoja Mzee Ntandu amalize maneno yake bila mtu kukufundisha. Ulidhani watu wote wanafanya hivyo. Nilikuwa nakutazama ukiwa mtoto mdogo, umeshika kidole chake, umeinua uso, unangoja neno litoke kama mtoto anavyongoja embe liive, nami nilikuwa namshukuru Mungu kwa moto ule. Usimwambie mama yako, atasema nakufuru.

Huko uendako utawakuta watu. Atakuwepo mmoja ambaye anasema sana na mmoja asiyesema. Atakuwepo anayelia kila akikosolewa, na anayekuja amechelewa huku amenuna kama aliyechelewa ni wewe. Pengine yupo atakayekuita "mtoto" mbele ya wenzake ili akupime. Sijui utafanyaje na kila mmoja. Mimi mwenyewe kila mtu mpya alinikuta mjinga upya. Ila nawashukuru wote wawili, yule aliyenipigishia vyombo na yule aliyenicheka. Wasingekuwepo ningebaki karani mwenye mwandiko mzuri, na ungepata baba wa namna hiyo.

Mchana wa leo, ulipokwenda kuaga kwa kina Zena, Mzee Ntandu alipita hapa. Hakutaka kukungoja, alisema kuagana kunamtoa machozi na yeye ni mzee sasa, machozi yanamchosha. Aliketi hapa nilipoketi. Alisikia kwamba unakwenda kusimamia watu, akaniachia maneno nikupe. Yalichukua muda kutoka, na mama yako alisimama na mwiko mkononi, chakula kinaungua, mpaka yakaisha.

Alisema, "Mwa-mwambie Naomi: mtu ukimwuliza hujambo, a-atakuambia sijambo. Hiyo ni adabu. A-amuulize tena."

Basi nimekufikishia. Mwanga umekwisha, na ndani nasikia kimya, maana yake sanduku limefungwa na blanketi limeshinda. Naingia nikubebee hilo sanduku mpaka mlangoni.

Ni mimi baba yako, ambaye umempa raha,

Samweli